Kuku ya Mama Riziki ku Bariyeri

Ile asubuyi tulitoka Kashebere kwenda kuhubiri ng'ambo ya mupaka, mwanangu, inanirudiaka mu kichwa kila mara naona kijana anafunga valizi. Na sasa ninyi njo munafunga. Nasikia korali yenu inaenda Uganda, nguo mupya zimeshonwa, na kila mutu anapiga foto mbele ya kanisa ata safari haijaanza. Iko muzuri. Mi sikuje kuwafundisha kuimba. Wenye wanajua sauti yangu wananiombaka nifungue kinywa saa ya chakula tu. Nakuja kukupa habari ya siku moja tu, siku ya kwanza ya safari yetu, kusudi uende nayo.

Wakati ile nilikuwa kijana mwembamba sawa muti ya kupandishia maharagi. Masomo na mi tulikuwa tumeshaachana. Nilifika mwaka ya pili ya sekondari, mwalimu wa hesabu akaniangalia, na mi nikamuangalia, kila mutu akaona asisumbue mwenzake. Lakini kinywa yangu ilikuwa imesoma paka universite. Nilikuwa sijapita Masisi centre ata mara moja, lakini watu yote ya Kashebere, kuanzia ku soko paka ku muto, walijua kama Bahati anaenda inje ya inchi. Mbuzi za jirani nazo nafikiri zilijua. Niliomba kostime ya baba mudogo, koti na suruali yake, na yeye ni mwanaume munene sana. Ndani ya ile kostime tungeenea wawili, na wa tatu akae mu mufuko. Chini nikavaa viatu yenye pua ndefu, yenye inaingia mu nyumba mbele ya mwenyewe.

Mwenye alikuwa anatuongoza ilikuwa Papa Ezekieli, muzee evangeliste wetu, mutu wa maneno kidogo na kofia moja. Nilimuuliza juu ya nini alinichagua, nikingojea anisifu. Akaniambia:

"Bahati, sauti hauna. Ngoma unaipiga sawa mutu anatwanga majani ya sombe. Lakini mabega uko nayo. Utabeba mizigo."

Njo vile niliingia mu kazi ya Mungu, mwanangu. Kwa mulango ya mabega.

Na unajua vile kwetu iko. Mutu akisikia unasafiri, haulize unaenda kufanya nini. Anauliza utapita kwa nani. Halafu anakuletea salamu. Na salamu ya kwetu haiko neno ya kusema tu. Iko maharagi, iko unga ya mihogo, iko kitambaa, iko kitu yenye jina ya mutu iko juu yake. Ukishaikamata, haiko yako na haiko tena ya mwenye alikupa. Iko ya ule mwenye anangojea, ata kama yeye hajue kama anangojea.

Tulikuwa tumeshapanda juu ya kamyo. Ilikuwa kamyo ya Kasereka, mufanya biashara wa Butembo, Mukatoliki kabisa, mwenye alikuwa anapeleka mawese na mihogo Goma, na akakubali kutubeba juu ya mizigo. Alikuwa ameshawasha moteri. Njo tukaona Mama Riziki anakuja, anatembea polepole vile alikuwaka anatembea, na kitu inacheza ndani ya kikwembe yenye alijifunga.

Mama Riziki alikuwa mujane, nyumba yake ilikuwa nyuma ya kanisa. Miguu yake ilikuwa na alama za moto chini na pembeni, na sisi vijana tulikuwa tumezoea kuziona bila kuuliza. Ile siku aliuliza yeye mwenyewe, kama tunajua alizipata wapi. Akafungua kikwembe, kichwa ya kuku ikatoka. Kuku muke, mweusi na madoadoa meupe, na jicho kali sawa ya mukubwa wa nidhamu ku masomo.

"Wakati mulima ya moto ilitapika Goma," akasema, "mi nilikuwa kule ku hopitali. Tulikimbia juu ya mawe ya moto, sandale zikayeyuka mu miguu. Nilivuka mupaka nikitambaa. Kule Gisenyi, mama moja wanaitaka Mama Uwera alinitosha ku barabara. Hakujua jina yangu, hakujua kanisa yangu. Alinilalisha mu kitanda yake, yeye akalala chini. Asubuyi na jioni alinioshaka miguu, mi mutu mukubwa, sawa mutoto. Wakati ya kurudi nilimuambia: Mama, sina kitu, lakini siku moja utapata kuku kutoka ku mukono yangu. Sasa munaona vile natembea. Mi sitafika tena Gisenyi. Njo hii kuku itaenda."

Akaangalia kamyo yote, na jicho yake ikasimama juu yangu. Ama tuseme juu ya kostime, kwa sababu njo ilikuwa kubwa.

"Wewe. Hapana kuiuza, hapana kuila, hapana kuipa mutu aipeleke. Umuwekee mu mikono yake mbili."

"Mama, mi nabeba vitu ya korali..."

"Bahati," Papa Ezekieli akasema, hakugeuza ata shingo. "Kamata kuku."

Nikakamata kuku. Ilinikanyaga ku kifua, ikanichungulia mu jicho, ikanya ku mukono ya kostime. Kamyo ikaanza kwenda. Watu yote ya Kashebere wenye niliambia kama naenda inje ya inchi walikuwa pembeni ya barabara, na kila mutu aliniona naenda sawa mama mwenye anaenda ku soko. Rafiki yangu Dodo, mupiga ngoma wetu, akainua sauti:

"Muchungaji wa kuku, bariki kundi yako!"

Walicheka paka tukafika Nyabiondo.

Ile barabara wewe unaijua, sitakusumbua nayo. Matope ilikuwa matope. Mahali kamyo ilikwama, wanaume walishuka kusukuma, na hapo njo nilianza kupenda ile kuku, nakuambia kweli. Kila mara walisema "Bahati, shuka!", mi nilionyesha kuku tu, na uso ya huruma. Dodo alikuwa na matope paka ku masikio.

"Iko inatumika sana, hii kuku yako," akaniambia.

"Iko ya Mama Uwera," nikasema. "Mi niko garde du corps, mulinzi wake tu."

Kasereka shofere alikuwa mutu ya furaha. Ku kila muteremuko alifanya alama ya musalaba, halafu alitoa kichwa mu dirisha na kutulalamikia: "Ninyi Waprotestanti, ombeni na ninyi, mi siwezi kuomba na kukamata volan ya kamyo wakati moja!" Sisi tukaimba. Akasema tuombe kimya, wimbo inaharibu breki.

Kupita Masisi centre nilikuwa mu inchi mupya kabisa. Niliangalia milima, ngombe zimelala ku majani sawa mawe, wamama wanabeba fromage, jibini ya maziwa ya ngombe, ku kichwa, na kila kitu nilimuonyesha Dodo sawa mi njo niliijenga. Tulipokuwa tunapanda Mushaki, kuku ikatulia, ikajikunja mu magoti yangu, ikafunga jicho. Nikafikiri imekufa. Nikaita Papa Ezekieli. Muzee akakuja akitambaa juu ya mifuko, akaweka mukono chini ya kuku, akatosha yai.

Korali yote ikasema haleluya. Halafu ikaanza kabisa kabisa mabishano, juu ile yai iko ya nani. Dodo alisema iko ya kamyo, juu imezaliwa mu kamyo. Dada moja wa sauti ya kwanza alisema iko ya yeye, juu yeye njo alikuwa na njaa. Mi nilisema iko yangu, juu nimeizaa mu magoti. Papa Ezekieli akasikiliza sisi wote, akanirudishia yai mukononi.

"Iko ya Mama Uwera," akasema. "Kuku ikiwa yake, na yenye inatoka mu kuku iko yake. Weka mu mufuko."

Nikaweka mu mufuko ya kostime. Lakini kutoka Mushaki kushuka Sake unajua vile mawe inarukisha watu. Yai ilifika Sake, lakini haikufika sawa yai.

Goma tuliingia jua ikiwa imeshageuka. Kasereka akatushusha karibu na soko, mahali alikuwa anashusha mizigo yake, akasema kesho asubuyi anarudi Kashebere, kama kuko mwenye moyo inamushinda arudi na yeye. Tukacheka. Tukabeba ngoma na mifuko, tukaenda na miguu paka ku bariyeri ndogo, mahali ya kuvuka mupaka. Kule ng'ambo, Gisenyi, kanisa ya wenyeji wetu ilikuwa inangojea tuimbe ku ibada ya jioni, na bariyeri inafungwa mbele ya giza. Nikaona inje ya inchi na macho yangu. Ilikuwa pale, karibu, ata ningetupa ganda ya ndizi ingefika. Nikaona pikipiki, na kila mwenye kuendesha iko na kofia ya chuma ku kichwa. Nikarekebisha kostime, nikafungua kifua. Mwanangu, niliona kama wanaenda kunipigia makofi.

Mutu wa kazi pale ku bariyeri alikuwa kijana wa heshima. Aliangalia karatasi zetu, akaangalia ngoma, akatabasamu. Halafu akaona kuku.

"Pole, kaka. Kuku muzima haipite. Kuko ugonjwa ya kuku inatembea siku hizi, wamekataza. Paka na karatasi ya munganga wa wanyama, na yeye leo ameshatoka."

"Lakini hii kuku haigonjwe," nikasema. "Imezaa yai leo."

"Yai iko wapi?"

Nikamuonyesha mufuko. Aliangalia ile uji ya manjano, akakohoa kusudi asicheke, akasema tusimame pembeni, watu wengine wapite.

Tukasimama pembeni, na hapo njo kila mutu akageuka mwenye akili. Moja akasema tuikaange hapa Goma, tuseme asante kwa Mungu na kwa Mama Riziki. Dodo akanivuta kando, akaniambia mu sikio:

"Sha, ngoma yetu iko wazi chini. Tunaingiza kuku, tunafunga na nguo ya korali. Mi napita nikiimba. Nani atasikia?"

Na mi, na masomo yangu ya mwaka ya pili, nikatosha mawazo yenye niliona iko ya mutu mukubwa kupita yote:

"Papa Ezekieli, tuiuze hapa. Kule tunanunua ingine, mweusi na madoadoa vile vile. Kuku iko kuku!"

Muzee alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Akafunga paka mwisho. Halafu akasimama.

"Bahati, mama yako iko Kashebere?"

"Ndiyo, Papa."

"Nikirudi kule, nimutoshe, nikuwekee mama mwingine, murefu vile vile, mweusi vile vile. Utasema mama iko mama?"

Korali ikacheka, mi sikucheka. Akageukia Dodo, na hapo hakuna mwenye alicheka tena.

"Na wewe. Hii ngoma kesho njo itaita watu kusikia neno la Mungu. Unataka leo ijifunze kwanza kudanganya? Mama Riziki alitembea ku mawe ya moto, akaahidi, akatunza ahadi yake miaka yote hii na ile miguu. Sisi tunabeba kuku yake siku moja tu, ata jioni haijafika, na tumeshachoka. Sasa kule ng'ambo tutahubiri nini?"

Dodo akabeba tena ngoma yake ku kichwa.

"Korali ipite," muzee akasema. "Watu wanangojea. Dodo, ukifika uulize ku kanisa mahali Mama Uwera anakaa, umutafute, umuambie kuko mugeni wake ku bariyeri. Watu ya hapa wanavukaka kila siku, na yeye atavuka. Bahati, wewe njo ulipewa kuku. Wewe unabaki."

Mwanangu, nilisikia sawa mutu amenitosha ku meza mikono imeshanawa. Watu yote ya Kashebere wanajua naenda inje ya inchi, na inje ya inchi iko pale mbele ya pua ya viatu yangu, na mi nabaki na kuku! Niliwaona wanavuka, moja moja, nguo zao mupya, ngoma ku kichwa ya Dodo. Dodo akanipungia mukono. Nikampungia bawa ya kuku.

Niligeuka, na Papa Ezekieli alikuwa amekaa juu ya mufuko ya maharagi, ameweka kofia ku goti.

"Papa, haupite? Wewe njo muhubiri!"

"Injili inajua njia," akasema. "Itafika leo ata bila mimi, korali itaimba. Lakini kuku hii haijue ata kartiye yenye Mama Uwera anakaa. Kaa."

Nikakaa. Tulikaa vile, muzee na mi na kuku katikati, watu wanapita na mizigo, wamama wa nyanya, wamama wa vitunguu, vilema wenye kusukuma baiskeli zao za magurudumu tatu zimejaa bidhaa. Na mi kila mara naangalia jua. Nilikuwa naomba kwa Mungu, lakini sikujua vizuri naomba nini: Mama Uwera akuje, ao bariyeri isifungwe, ao kuku ipotee tu na isiwe kosa yangu. Muzee hakunihubiria. Alitosha ndizi ya kukaanga mu mufuko, akakata, akanipa sehemu, akapa kuku sehemu. Akaniuliza kama masomo nitarudia. Nikasema hesabu haikunipenda. Akasema na yeye hesabu haikumupenda, lakini angalau alikuwa anaisalimia ku njia. Nilicheka, na hapo nikasikia moyo imeshuka mu mahali yake.

Jua ilikuwa imeshakuwa nyekundu wakati nilimuona Dodo ng'ambo anaruka na kupiga mikono, na mbele yake mama mufupi, munene, anakimbia na apron yenye unga, mikono imejaa unga paka ku viwiko. Dodo alimutosha ku kazi yake ya kukaanga mandazi. Alionyesha kikaratasi yake ya kuvuka kila siku, akavuka, akakuja paka mahali tuko.

"Nani njo mugeni wangu?"

Nikasimama, nikainua kuku na mikono mbili.

"Mama, hii kuku inatoka kwa Mama Riziki wa Kashebere."

Akaniangalia. Akaangalia kuku. Akasema polepole, sawa mutu mwenye hapendi kukuumiza:

"Riziki yupi, mutoto wangu?"

Nikainua kuku juu zaidi. "Mama Riziki. Wa wakati ya mulima ya moto. Mwenye uliosha miguu."

"Weee, mutoto wangu. Wakati ile nyumba yangu ilijaa watu paka mu jikoni. Wote miguu yao ilikuwa imeungua. Mi niliosha miguu paka nikasahau nyuso. Kuko wenye hawakuniambia ata jina."

Nikamuangalia Papa Ezekieli. Yeye akaniangalia mi. Nikaona vile njia yote ile, matope yote, yai na aibu, inaenda kuishia kwa mutu mwenye hakumbuki kitu. Na nikafikiri Mama Riziki kule nyuma ya kanisa, mwenye hajasahau ata siku moja. Nikaanza kusema kila kitu chenye nilijua juu ya Mama Riziki, bila kupanga: iko murefu, iko na pengo hapa, analima mihogo, anaimba sauti ya wanaume, na ukimupikia chakula...

"Ukimupikia nini?" Mama Uwera akauliza.

"Ukimupikia, mama, anaonja tu, anasema haina chumvi. Ku ndoa, ku matanga, ata ku meza ya Pasta. Njo tabia yake."

Mama Uwera akafunika kinywa na mikono ya unga.

"Ule mama mwenye alisema maharagi yangu haina chumvi!"

Na akacheka. Mwanangu, sijasikia tena mutu anacheka vile. Alicheka paka akainama, akashika magoti, machozi ikaanza kupita mu unga ku mashavu yake.

"Miguu imeungua, nguo hana, analia usiku na mchana, nimemuweka mu kitanda yangu, namupa kijiko ya kwanza ya maharagi, anameza, ananiambia: Aksante mama, lakini haina chumvi! Bwana yangu alitaka kumurudisha ku volkano! Mi njo nilicheka siku ile, ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu moto ilianza. Kumbe anaitwa Riziki? Kumbe iko muzima?"

"Iko muzima, mama. Na anakutumia hii."

Akapangusa mikono ku apron, akainama magoti kidogo, akapokea kuku na mikono mbili, vile inapokelewa. Akaiweka ku kifua, akaifunga jicho na kidole, akaiambia kitu mu Kinyarwanda, polepole, sikusikia yote. Kuku yenye ilinipiga kucha kutoka Kashebere, ilitulia kwake sawa mutoto ku mugongo.

Ule kijana wa bariyeri alikuwa amekaribia, na nikaona anafikiria atasema vile gani tena habari ya ugonjwa. Mama Uwera akamuondolea shida.

"Najua, mwana, haipite. Mi nakaa hapa, najua sheria." Akanigeukia. "Nimeipokea ao sijapokea?"

"Umepokea, mama."

"Basi iko yangu. Na yangu naweza kumupa mwenye napenda." Akanirudishia kuku mukononi. "Umupelekee Mama Riziki. Umuambie hii sasa iko kuku ya Mama Uwera. Aipike, na chumvi aweke yeye mwenyewe!"

Papa Ezekieli, mutu mwenye hachekaka, alitosha kofia akaficha uso.

Lakini mi nilikuwa tena na kuku, na bariyeri ilikuwa inakaribia kufungwa. Nikakumbuka Kasereka. Nikatembea mbio paka mahali alikuwa anashusha mizigo, kostime inapepea nyuma sawa bendera. Nilimuelezea yote, nikimuachia kuku mu mikono yake, na nikamuambia iko kuku ya nani na inaenda kwa nani. Hakucheka. Alitosha kofia, akafanya alama ya musalaba juu ya kuku.

"Enda uhubiri, Muprotestanti. Kesho hii mama itakaa mbele, pembeni yangu. Ninyi tu njo munakaaka juu ya mizigo."

Nikarudi mbio. Papa Ezekieli na Mama Uwera walikuwa wanangojea ku muguu ya bariyeri, kijana wa heshima anaangalia saa yake na kuangalia mi. Tukapita wa mwisho. Nilikanyaga inje ya inchi mara ya kwanza mu maisha yangu na kinyesi ya kuku ku mukono, yai imekauka mu mufuko, unga ya mandazi ku bega, na hakuna mutu alinipigia makofi. Na sikutaka.

Tulipomaliza kazi kule, tukarudi Kashebere. Watu walikuja kutupokea, wanauliza wangapi walitubu, mahubiri ilikuwa ya nani, kule chakula iko vile gani. Mama Riziki alikuwa amekaa ku mulango wake. Kuku mweusi na madoadoa ilikuwa inachakura mbele ya miguu yake, nzima. Nikamupa maneno ya Mama Uwera, vile alisema, na ile ya chumvi.

Akapiga makofi mara moja. "Anakumbuka!" Halafu akanikamata mukono, akanivuta paka uso yangu iko karibu na uso yake. "Alicheka wakati alisema vile?"

"Alicheka, mama, paka machozi."

Akaniachilia, akaegemea ukuta.

"Basi imefika."

Njo habari yenyewe, mwanangu. Sasa ukipanda ile bisi ya Uganda, utakuwa na haraka, najua, juu kijana akienda mbali moyo yake inafikaka mbele ya miguu. Lakini mbele ya kuondoka watu watakuletea vitu. Bibi kizee atakuletea kitu yenye utaona haina maana, na itakuharibia nguo. Kamata na mikono mbili. Usiseme "kuku iko kuku", juu mutu hakutume kitu, anakutuma na moyo yake, na moyo ya mutu haiko na ingine ya kufanana nayo ku soko. Na ukifika mahali sheria inakufungia njia, usijifundishe kuficha kusudi ufike haraka na neno la Mungu. Kaa chini, kula ndizi, tafuta njia yenye iko ya mwangaza. Iko, ata kama inakuja na mikono ya unga. Na kama siku moja wenzako wanavuka na wewe unabaki nyuma na muzigo ya mutu mwingine, usilie sana. Wenzangu waliimba ibada ya jioni ile siku bila mimi, na sikumbuki tena waliimba nini. Ukipata muzee mwenye anakubali kubaki na wewe, basi wewe umekwisha kufika.

Enda, mwanangu. Mungu akutangulie ku milima, akushike mukono ku miteremuko ata kama shofere iko wa dini ingine. Watu wa kule wakupokee vile Mama Uwera alipokea. Mizigo ya watu ifike nzima mikononi mwako, na wenye wanakungojea, siku watakuona, wacheke paka machozi. Amina.